Mbuzi ya Kukunia Nazi: Nchi ya Wengine katika Masomo ya Watoto wa Kerugoya

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza namna maandishi ya watoto yanavyomfikishia msomaji mchanga ardhi, utamaduni na desturi za nchi isiyo yake. Uhakiki wetu umelishughulikia swali hili kwa nadra. Aghalabu vitabu vya watoto huachiwa walimu, kana kwamba havina fani wala itikadi ya kuhakikiwa. Hoja yangu ni kwamba maandishi ya aina hii hufaulu pale yanapompa mtoto nafasi ya kujibu, yaani nafasi ya kuieleza nchi yake kwa wale ambao yeye anafunzwa habari zao.

Hoja hiyo niliipata kutokana na kosa langu mwenyewe. Katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Kerugoya, mimi niliyelelewa mwambao niliandika ubaoni sentensi ya kuwazoeza watoto kusoma: bibi aliketi juu ya mbuzi, akakuna nazi. Kisha niliwaomba waichore. Walichora mbuzi wenye pembe na ndevu, na juu ya migongo yao vikongwe waliokuwa wakikwaruza kwa kucha kitu cha mviringo mfano wa mpira. Hapakuwa na hata mmoja aliyechora kile kibao chenye ulimi wa chuma ulio na meno, ambacho mpishi wa pwani hukikalia akikuna nazi ili apate tui. Watoto hawa hawakuwa wajinga. Takriban kila neno walilijua. Walichokosa ni jiko ambamo maneno hayo hukutana.

2.0 Nchi iliyo ndani ya lugha

Huenda msomaji akauliza iwapo ni haki kuiita pwani ya Kenya nchi nyingine. Kihistoria, bara lilifanywa koloni mwaka 1920, ilhali ukanda wa mwambao ulibaki kuwa himaya, na kisheria ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963. Kilugha jambo hili ni dhahiri zaidi. Kiswahili sanifu kina msingi wake katika Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kusimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930. Kwa hiyo mtoto wa Kerugoya anapokifungua kitabu cha Kiswahili, hufungua pia mlango wa Unguja. Ndani yake anakutana na mnazi na majina ya tunda lake, tangu kidaka hadi dafu, koroma na nazi. Anakutana na jahazi, tanga na pepo za misimu.

Mtoto huyu anaishi zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, chini ya mlima wenye barafu. Anaujua Mto Thiba, mashamba ya chai ya Kangaita na mpunga wa Mwea. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi. Tangu hapo kuingia mlango huo hakukuwa kwa hiari, na mtaala wa umilisi uliokuja baadaye haukulibadili jambo hilo. Hatuna budi, basi, kuuliza mtoto anaingizwa kwa adabu gani katika nchi hiyo.

3.0 Njia mbili zilizozoeleka

Njia ya kwanza ni kuuvika ugeni nguo za nyumbani. Mfano wake mashuhuri ni Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya hadithi ya Lewis Carroll iliyochapishwa London mwaka 1940. Katika picha za kitabu hicho Elisi si mtoto wa Kiingereza tena; amechorwa akiwa msichana wa Kiafrika. Nia hii haifai kubezwa. Mtoto aliyezoea kuona kwamba mambo ya ajabu huwapata watoto wa kizungu tu, aliona kwa mara moja kwamba hata mwenye sura kama yake aweza kutumbukia shimoni na kuzungumza na sungura. Hata hivyo, hadithi ya Carroll, iliyotoka mwaka 1865, imejaa dhihaka juu ya desturi za nchi moja mahususi: adabu za kunywa chai alasiri, mahakama, michezo ya mabwanyenye, na masomo ya kukariri. Kubadili sura ya mhusika hakumfunulii msomaji kwa nini mambo hayo yachekeshe. Uingereza inafutika, wala Afrika haiingii mahali pake. Kinachobaki ni ajabu isiyo na anwani. Kwamba Ida Hadjivayanis aliona haja ya kuitafsiri upya hadithi hiyo, katika Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya mwaka 2015, ni dalili kwamba tatizo hilo halikumalizwa na kizazi kilichotangulia.

Njia ya pili ni kuifanya nchi ya wengine kuwa tuzo, na nchi ya mtoto kuwa aibu. Njia hiyo ndiyo aliyoikejeli marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) katika hadithi ya watoto aliyoichapisha kwa Kigĩkũyũ mwaka 1982, ambayo Wangũi wa Goro aliitafsiri kwa Kiingereza kuhusu Njamba Nene na basi linaloruka. Njamba Nene ni mtoto maskini anayedharauliwa shuleni. Mwenzake mwenye majivuno anaitwa John Bull, jina ambalo ni nembo ya Uingereza yenyewe. Basi linapoota mabawa na kuwatupa wanafunzi msituni, maarifa ya kigeni ya akina John Bull hayawafai kitu, na maarifa ya kienyeji ya Njamba Nene ndiyo yanayowanusuru.

Wasomaji wengi wameichukulia hadithi hii kuwa amri: mtoto afunzwe ya kwao, ya wengine yasubiri. Kwa maoni yangu usomaji huo unaipunja. Kinacholaaniwa na Ngũgĩ si kule kuijua nchi ya wengine. Ni mizani inayotumiwa kuzipima nchi mbili. Historia ya maeneo ya Mlima Kenya inaiunga mkono tafsiri hii. Shule huru za Wagĩkũyũ, zilizoshamiri baada ya mgogoro na wamisheni wa mwaka 1929, hazikuikataa elimu ya kigeni; Kiingereza kilikuwa miongoni mwa mambo ambayo wazazi walikuwa wakiyadai. Walichokikataa ni kwamba wengine wawaamulie kiasi cha elimu hiyo na gharama yake kwa mila zao. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952, shule hizo zilifungwa. Ndiyo maana katika eneo hili uteuzi wa nchi atakayofunzwa mtoto haujawahi kuwa suala la ufundishaji peke yake.

4.0 Maji ya bahari na maji ya Thiba

Udhaifu wa njia zote mbili unaonekana tunapoichukua methali inayofunzwa karibu kila darasa: maji yakijaa hupwa. Niliwauliza watoto wa Kerugoya maana yake. Walijibu bila kusita kwamba cheo huisha na utajiri hupungua. Jibu hilo lingewapa alama zote katika mtihani. Lakini nilipowauliza ni maji gani, walinitajia mto uliofurika baada ya masika. Basi mto hupungua mvua ikikoma, na hakuna ajuaye siku yenyewe. Bahari hupwa kila siku, kwa saa ambazo mvuvi anazijua, na kisha hujaa tena. Taswira ya mto inasema kwamba huenda mwenye nguvu akaanguka. Taswira ya bahari inasema kwamba ataanguka hakika, na kwamba aliye chini naye ana zamu yake. Watoto walikuwa wamepewa funzo, wakanyimwa hoja inayolibeba.

Dawa yake si faharasa ya maneno magumu mwishoni mwa kitabu. Faharasa ingemwambia mtoto kwamba mbuzi ni chombo cha kukunia nazi, naye angekariri. Dawa yake si kuibadili methali iseme habari za mto pia. Mwandishi mzuri angeanzia pale ambapo nchi mbili zinagusana. Katika mfano wetu pahali hapo ni mchele. Mtoto wa Kerugoya anaujua mpunga unavyooteshwa, unavyopandikizwa majini na kuvunwa. Pengine amesikia wazee wakisimulia kwamba mifereji ya Mwea ilichimbwa kwa jasho la mahabusu katika miaka ya 1950. Mchele huo ukifika katika jiko la pwani unahitaji tui. Tui linahitaji nazi iliyokunwa. Nazi inahitaji mbuzi. Kwa mpangilio huo kila kitu kigeni kinaingia kikiwa na kazi yake, na mtoto anakifikia akiwa na kitu mkononi.

5.0 Hitimisho

Nilirudi katika darasa lile nikiwa na nazi mbili na mbuzi yenyewe. Tulicheka pamoja tukizitazama zile picha. Baada ya kukuna, msichana mmoja aliuliza: "Mwalimu, na watoto wa huko, wao wanajua kuchuma chai?" Nilikiri kwamba wengi wao hawajui. Basi nikawaomba wamwandikie mtoto wa pwani asiyewahi kuiona Kirinyaga.

Insha hizo zina makosa ya upatanisho wa kisarufi, lakini zinaonyesha jicho la mwandishi. Walieleza kwamba huchumwa majani mawili na chipukizi, na jinsi barafu ya mlimani inavyoonekana alfajiri kabla mawingu hayajaifunika. Mmoja alisimulia kwamba mama yake alipojifungua, majirani walikuja wakapika njahi. Nilimwuliza kwa nini njahi, si maharage ya kawaida. Alinitazama kwa mshangao ule ule ambao huenda mimi niliwatazama nao siku ya zile picha, kisha akanieleza kwa upole kwamba njahi ndicho chakula cha mzazi, humrudishia nguvu. Kila mtu anajua.

Mimi sikujua. Katika mwaka mzima wa kuwafunza mambo ya pwani, hapakuwa na ukurasa hata mmoja katika masomo yangu uliomwachia mtoto huyo nafasi ya kunifunza jambo hilo. Mhakiki atakayevipima vitabu vya watoto kuhusu nchi za wengine na aanze kwa kuitafuta nafasi hiyo. Isipokuwapo, hata kitabu chenye picha nzuri na maneno yaliyofafanuliwa vyema kitakuwa kimemketisha msomaji wake juu ya mbuzi asiye wake.