Hongera kwa Treni ya Kwenda Baharini

Wafaransa wameizoea TGV, treni yao ya kasi, iliyoanza kubeba abiria kati ya Paris na Lyon Septemba 1981, hata wamesahau kuisifu. Mimi naisifu.

Jumamosi ya Julai, stesheni ya Gare de Lyon jijini Paris hufurika familia: watoto wenye kofia za jua, mabibi na vikapu vya chakula. Wanapanda, sanduku linawekwa rafuni, na baada ya saa tatu na ushei wanashuka Marseille, takriban kilomita 750 kusini. Tena wanashukia mjini hasa, juu ya ngazi ya stesheni ya Saint-Charles yenye vidato 104, si kwenye uwanja wa ndege ulio mbali na mji.

Kinachonivutia zaidi ni ufundi. Kwa kilomita 300 kwa saa, dereva hawezi kutegemea taa za kando ya njia. Kwa hiyo kasi anayoruhusiwa hupitishwa kwenye reli zenyewe, ikamtokea mbele ya macho. Akiizidisha, breki hujifunga. Mabehewa nayo hushikamana kama vidole vilivyofumbatana: kila mawili jirani hukalia seti moja ya magurudumu, na treni hutulia.

Tiketi za Agosti ni ghali ukichelewa kukata, na wenye watoto wengi huumia. Hilo lirekebishwe.

Lakini pongezi zangu za kwanza ni za mafundi wa njia, wanaokagua na kutengeneza reli usiku, wasafiri wakiwa bado wanapanga mabegi. Hongereni sana.