Muuaji Tunamjua Tangu Mwanzo

Katika tamthilia ya Columbo, mtazamaji haulizwi nani kaua. Dakika za mwanzo anaonyeshwa yote: muuaji anavyopanga, anavyoua, anavyofuta alama na kujitengenezea ushahidi kwamba wakati ule alikuwa kwingine. Luteni Columbo mwenyewe bado hajatokea. Akija, na koti lake la mvua lililokunjamana, sisi tumeshamtangulia, na swali linalobaki ni moja: atamnasa kwa lipi?

Wasomaji wa riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla wamezoea kinyume chake. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko chake, msaidizi wake Najum anakisia na kukosea, na jibu linafichwa hadi kurasa za mwisho. Aliyekigeuza kisa cha upelelezi kichwa chini ni Mwingereza R. Austin Freeman, katika kitabu chake The Singing Bone cha mwaka 1912. Waandishi wawili wa Marekani, Richard Levinson na William Link, wakaujengea mtindo huo mhusika wao Columbo, na Peter Falk akaanza kumwigiza mwaka 1968.

Wanaoibeza tamthilia hii husema ukishaona kisa kimoja umeona vyote. Ni kweli njia haibadiliki: tajiri au mtu maarufu anaua, askari anayeonekana mzembe anamsumbua kwa maswali madogomadogo, mwishoni kiburi kinamponza mwenyewe. Lakini raha yake inatoka hapohapo. Kwa kuwa hatuhangaiki kumtafuta muuaji, macho yanapata nafasi ya kuona kazi ilivyofanywa.

Tazama kisa cha kwanza cha mfululizo wenyewe, Murder by the Book, kilichorushwa Septemba 15, 1971. Mwandishi ni Steven Bochco. Mwongozaji ni Steven Spielberg, kijana wa miaka 24. Gari linapita barabarani, lakini hatusikii injini wala muziki. Tunasikia taipureta tu. Kamera inarudi nyuma, inaingia dirishani, na ndani ya ofisi tunamkuta Jim Ferris akichapa. Anayeendesha gari ni Ken Franklin, mwenzake wa kuandika riwaya za upelelezi, anayeigizwa na Jack Cassidy. Kabla hajasema mtu neno, sauti ile imeshatueleza ndoa yao ya kikazi: mmoja anaandika, mwingine anatembelea jina.

Franklin anamuua Ferris, kisha anaiweka maiti mbele ya nyumba yake mwenyewe ili ionekane ni kazi ya wahalifu wanaomtisha. Anapiga simu polisi, na wakati anawangojea anafungua barua zake. Columbo anaziona. Mtu aliyemkuta rafiki yake amekufa mlangoni, angepata wapi moyo wa kusoma bili? Kitu kidogo kama hicho hakimfungi mtu, lakini kuanzia hapo Columbo haachi kumfuata.

Mwisho wa kisa ndio unaowagombanisha watazamaji mitandaoni mpaka leo. Columbo anapata karatasi ambayo Ferris aliandika, zamani, mpango wa mauaji unaofanana na ule uliotumika. Franklin anakiri. Wenye kipimo cha mahakama wanasema karatasi ile wakili yeyote angeichana. Nakubaliana nao. Ila hawatazami anachokiri Franklin: kwamba wazo lile lilikuwa lake, ndilo wazo zuri pekee alilowahi kuwa nalo. Mtu aliyeishi kwa kazi ya mwenzake anakubali kwenda jela ili angalau wazo moja lihesabiwe kuwa lake. Bochco na Spielberg walituandaa kwa hilo tangu mlio wa taipureta.

Basi mbona mjadala wa karatasi moja unageuka matusi? Nionavyo, ni kwa sababu hukumu hutangulia. Sentensi ya kwanza inasema mwisho ule ni upuuzi, na aliyeupenda anasikia kwamba yeye ndiye mpuuzi. Kuanzia hapo hatetei kisa tena, anatetea akili yake, na pengine jioni za miaka mingi alizokaa na wazazi wake mbele ya runinga. Sauti haisikiki, uso hauonekani, halafu kuna umati unaosoma. Kurudi nyuma kunaonekana ni kushindwa hadharani.

Columbo hutumia mbinu iliyo kinyume na hiyo. Hamtuhumu mtu mapema. Anamsifu, anaomba aelimishwe, anaaga, anafika mlangoni, kisha anageuka na swali moja zaidi. Link alieleza kwamba ujanja huo ulizaliwa yeye na Levinson walipokuwa wanaandika mchezo wa jukwaani: onyesho lilikuwa fupi, Columbo alikwisha kutoka, nao wakaona uvivu kulichapa upya, wakamrudisha tu. Hata hivyo ujanja unafanya kazi: mshukiwa aliyekwisha kupumua anajibu bila kujilinda.

Katika Suitable for Framing, kisa kingine cha mwaka huohuo wa 1971, mbinu hiyo inafikia kilele. Dale Kingston, mhakiki wa sanaa, anaingia kwake na mfuko wenye picha za Degas alizoziiba. Columbo yumo humo akimngojea, na kama mtoto mdadisi anatia mkono mfukoni kabla Kingston hajauvuta. Baadaye picha zinapatikana nyumbani kwa mke wa zamani wa mjomba wa Kingston, alikozipandikiza ili mama huyo ashtakiwe. Alama za vidole zilizomo ni za Columbo. Kingston anapiga kelele kwamba Luteni amezishika sasa hivi. Columbo anatoa mikono mifukoni: amevaa glavu. Hapo hata mwenye kipimo cha mahakama hana la kudai.