Miaka Iliyoitwa kwa Majina ya Watu

Mwanzoni mwa machipuko, watu wakiwa katika usingizi wa kwanza, Wathebe wenye silaha waliozidi kidogo 300, washirika wa Sparta, walijipenyeza katika mji wa Plataea, mshirika wa Athene. Tukio hilo ndilo lililowasha vita vya Athene na Sparta, vilivyodumu miaka 27. Vitabu vyetu vinasema ulikuwa mwaka 431 KK. Thucydides, jemadari wa Athene aliyeviandika vita hivyo, hakuwa na namba ya aina hiyo. Kila mji wa Ugiriki ulikuwa na kalenda yake, na mara nyingi mwaka ulijulikana kwa jina la mtu.

Ufundi wake unaonekana hapo. Aliufunga mwaka ule kwa kamba kadhaa kwa mpigo. Ulikuwa mwaka wa 15 tangu mapatano ya amani ya miaka 30. Huko Argos, Chrysis alikuwa ametimiza miaka 48 akiwa kuhani wa mungu wa kike Hera. Sparta, efori, kiongozi aliyeupa mwaka jina lake, alikuwa Aenesias. Athene, arkoni, kiongozi wa namna hiyohiyo, alikuwa Pythodorus, na muda wake ulikuwa unakaribia kwisha. Tena ulikuwa mwezi wa sita baada ya mapigano ya Potidaea. Mtu wa Argos, wa Sparta au wa Athene, kila mmoja alipata pa kushika.

Chrysis si jina tupu katika hesabu hiyo. Mwaka 423 KK aliweka taa inayowaka karibu na mashada ya maua hekaluni, kisha usingizi ukamchukua. Moto ukashika mashada, na hekalu lote likateketea. Usiku uleule alikimbilia Phlius kwa kuwaogopa watu wa Argos, nao wakamweka Phaeinis mahali pake. Thucydides anayasimulia haya, na papo hapo anaongeza kuwa Chrysis alitoroka vita vikiwa vimeingia nusu ya mwaka wa tisa. Hata ajali ya taa aliigeuza kipimo cha wakati.

Hata hivyo alijua udhaifu wa majina. Jambo linaweza kutokea mwanzoni mwa utumishi wa mtu, katikati au mwishoni, na jina pekee halisemi ni lini. Kwa hiyo, ndani ya vita vyenyewe, alihesabu kwa majira: kiangazi na kipupwe, kiangazi na kipupwe, hadi mwisho.

Wengine walishika kazi ya orodha. Hellanicus wa Lesbos aliwapanga makuhani wa Argos kwa zamu zao. Hippias wa Elis alikusanya majina ya washindi wa Olimpiki. Athene yenyewe ilichonga majina ya maarkoni wake kwenye marumaru na kuyasimamisha sokoni karibu na mwaka 425 KK. Vipande vyake vilifukuliwa katika karne ya 20. Baadaye Timaeus wa Sisilia akaziweka orodha hizo pamoja, akalinganisha maefori na maarkoni, makuhani na washindi wa mbio, akitafuta zinapopishana.

Kisha akaja Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Aleksandria, yuleyule aliyepima mzingo wa dunia. Alitaka kujua Troya, mji wa hadithi za kale, ilianguka lini, na alikwenda hatua kwa hatua. Tangu Troya hadi kurudi kwa uzao wa shujaa Herakles, miaka 80. Hapo hadi Wagiriki kuhamia Ionia, 60. Hapo hadi Lycurgus, mtunga sheria wa Sparta, 159. Hapo hadi Olimpiki ya kwanza, 108. Jumla ni 407. Ukizihesabu Olimpiki kurudi nyuma hadi ile ya kwanza, 776 KK, aliposhinda Koroibos wa Elis, kisha ukaongeza miaka hiyo, Troya inaangukia karibu na 1184 KK.

Jiwe lililochongwa kisiwani Paros mwaka 264 KK linalirudisha anguko hilo nyuma zaidi, hadi karibu 1209 KK. Wanahistoria wa leo hawazitegemei hesabu hizo kwa karne za mbali kiasi hicho. Lakini Eratosthenes alionyesha kila hatua, ndiyo maana tunaweza kusema ni hatua ipi inayoyumba. Fundi anayeacha kazi yake wazi ili ikaguliwe anastahili heshima kubwa.

Tena pale waandishi hao wa kale walipokuwa makini, mbingu imewathibitisha. Thucydides aliandika kwamba katika kiangazi cha kwanza cha vita, baada ya adhuhuri, jua lilipatwa likawa kama mwezi mwandamo, na nyota kadhaa zikaonekana. Wanafalaki wamepiga hesabu: ilikuwa tarehe 3 Agosti 431 KK.

Kwa hiyo, wewe unayeandika historia ya ukoo, msikiti, kanisa au kijiji chako, usiishie kwenye "hapo zamani za kale". Uliza nani alikuwa chifu, nani alikuwa mwalimu mkuu, mvua ilikuwaje, jua lilipatwa au la. Yaandike yote pamoja, na utaje nani alikwambia. Atakayekuja baada yako atapata pa kuanzia.