Taya Mbele Kidogo: Jinsi Mkoromo Ulivyotulizwa Buswelu

Jirani yetu wa hapa Buswelu, dereva wa lori ambaye mkewe alikwisha kuhamia sebuleni kwa sababu ya mkoromo wake, alinunua kwanza kinga ya meno ya wanamasumbwi, akaivaa siku nane, wala hapana kilichobadilika. Si ajabu, kwani kinga ile hufunika meno ya juu tu, ilhali asili ya mkoromo si meno: mtu alalapo chali nyama za koo hulegea, ulimi ukarudi nyuma, njia ya pumzi ikasonga, na hewa ipitayo kwa nguvu ikatikisa kaakaa laini na kimio.

Kinachofaa ni kulisogeza mbele taya la chini, maana ulimi umeshikamana nalo. Hila hii ni ya zamani. Tabibu Mfaransa Pierre Robin aliitumia mwanzoni mwa karne ya 20 kwa watoto wachanga wenye taya dogo, ambao ndimi zao ziliwaziba pumzi.

Basi kifaa cha pili kilikuwa cha pande mbili, juu na chini. Mkewe alimimina maji ya moto ya chupa ya chai katika bakuli, akakitumbukiza hata kikalainika, akakipoza kidogo. Mume akakitia kinywani, akatoa taya mbele, akauma na kutulia mpaka kikashika umbo. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kulivuta taya hadi mwisho usiku wa kwanza, wakaamka na maumivu mbele ya sikio, wakakitupa. Hawa walipima kwa rula ya mkebe wa mtoto: milimita 3, na baada ya juma wakakilainisha tena, wakaongeza 2. Asubuhi mto ulilowa udenda, na magego hayakukutana sawasawa mpaka chai ilipokwisha, jambo la kawaida kwa waanzao. Mwenye meno yanayotikisika asithubutu.

Mkoromo ulipungua mno. Walakini mama huyu, ambaye busara yake naistahi, aliporudi chumbani hakulala. Alikaa macho akisikiliza iwapo pumzi hukatika kisha hurejea kwa kishindo, kwani kifaa huweza kuondoa sauti na kuyaacha palepale maradhi ya pumzi kukatika usingizini. Usiku wa tatu akaisikia ikikatika, akahesabu hadi kumi na mbili, akamgusa bega.

“Baba watoto, kesho usiende safari. Twende hospitali ukapimwe.”