Dakika Saba za Joe Brumm

Katika kipindi kimoja cha katuni ya Bluey, kiitwacho Camping, watoto wawili wanakutana kambini huko Australia. Mmoja ni Bluey mwenyewe, mtoto wa mbwa, wa kike, mwenye miaka sita. Mwingine ni Jean-Luc, ambaye hajui ila Kifaransa. Hawaelewani hata neno moja, na mtunzi hatutafsirii. Wanajenga kibanda cha matawi, wanamwinda baba aliyejigeuza nguruwe mwitu, wanafukia mbegu udongoni. Siku moja Bluey anakwenda kumtafuta mwenzake, hamkuti. Wazazi wa Jean-Luc wameshafunga mizigo na kuondoka, na watoto hawakuagana.

Mama anamweleza Bluey kwamba wapo watu wanaokuja maishani mwetu kwa muda tu. Watunzi wengi wangeishia hapo, kwa neno zuri la mama, na tungeridhika. Joe Brumm, mtunzi wa Bluey, haishii hapo. Ile mbegu inachipua, misimu inapita mbele ya macho yetu kwa sekunde chache, mche unakuwa mti. Chini ya mti ameketi msichana anasoma. Sauti ya kijana inamsalimu, safari hii kwa lugha anayoielewa. Basi, kipindi kimekwisha. Hakuna aliyekumbatiwa wala aliyelia.

Mbegu ile tuliiona ikifukiwa na hatukuijali, kwa sababu ilipitishwa katikati ya mchezo, huku vicheko vikiendelea. Ufundi wenyewe ndio huo: kukiweka kitu wazi, kisha kumshughulisha mtazamaji na jambo jingine hadi wakati wake ufike. Msimulizi asiyejiamini angeikazia kamera mbegu ile, angeitilia muziki, angemfanya mtoto aseme kwamba siku moja itakuwa mti mkubwa. Brumm anatuamini, na anamwamini hata mtoto wa miaka minne aliyekaa sakafuni akitazama.

Katuni hii ilianza kurushwa Oktoba 2018 na shirika la utangazaji la Australia, ABC. Hutengenezwa na Ludo Studio mjini Brisbane, na mji huo unaonekana ndani yake: nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo, baraza pana, jua kali. Brumm alikuwa amefanya kazi London, ikiwamo katuni ya Charlie and Lola, kabla ya kurudi kwao na kutunga hadithi kutokana na michezo ya binti zake wawili. Kwa kawaida kipindi ni kama dakika saba. Ndani ya muda huo mchezo unaanza, masharti yanawekwa, mtu anayavunja, jambo zito linajitokeza, na mambo yanatengemaa au yanakataa kutengemaa.

Mbinu anazozitumia ni za zamani kabisa: ndoto, hadithi ndani ya hadithi, kurudi nyuma miaka kadhaa, mgeni apitaye njia, baba achekwaye na watoto wake. Huyu baba ameharibiwa sana na vichekesho vya kifamilia. Tangu Homer Simpson mwaka 1987 hadi baba yake Peppa Pig, tumezoeshwa mwanamume mwenye kitambi asiyejua lolote nyumbani kwake. Bandit, baba yake Bluey, naye anachekwa, anaangushwa, anafanywa farasi. Tofauti ni kwamba yeye huingia mchezoni kwa hiari na kuyafuata masharti ya watoto mpaka mwisho, hata yakimwaibisha mbele ya majirani. Heshima yake haipungui, na hilo ni badiliko kubwa lililofanywa bila hotuba.

Ndoto nayo imechakaa mikononi mwa wavivu. Wengi huitumia kutorokea: mambo yakiwashinda, mhusika anaamka na yote yanafutika. Katika Sleepytime, kipindi cha mwaka 2020, mama anamsomea mdogo wake Bluey, Bingo, kitabu cha sayari kabla ya kulala. Bingo amekusudia kulala kitandani mwake usiku kucha, kama msichana mkubwa. Usingizini anaelea angani na sungura wake wa kuchezea, muziki wa Jupiter wa Gustav Holst ukipanda taratibu, na jua linalompa joto ni mama yake. Wakati huohuo, katika nyumba yenye giza, watu wanahamahama vitanda, baba anapigwa mateke, mtu anataka maji. Kila linalotokea chumbani lina kivuli chake kule angani. Ukitazama mara ya pili unaona hakuna sekunde iliyowekwa kujaza nafasi, na ukitazama mara ya tatu koo linakukaba.

Nakipenda zaidi Copycat, ingawa hakitajwi sana. Bluey anamkera baba yake kwa kuiga kila neno lake. Wanaokota ndege aliyejeruhiwa, wanampeleka kwa daktari wa wanyama, ndege anakufa. Wakirudi nyumbani, Bluey anaigiza tukio lote upya pamoja na mama na mdogo wake. Mtazamaji anategemea kwamba mara hii ndege atapona. Bluey anataka afe vilevile. Uigaji uliokuwa kero asubuhi umekuwa njia ya mtoto kukielewa kifo, na hakuna mtu mzima aliyesimama kutufafanulia hilo.

Kazi ya namna hii inahitaji muda, na muda ndio tunaowanyima watoto wetu. Tunawapa simu yenye video zisizo na mwanzo wala mwisho: rangi zinawaka, mayai yanapasuliwa, wimbo uleule unarudi kwa kasi, na kidole kidogo kinasukuma kabla ya chochote kutokea. Anayezitengeneza hana haja ya kufukia mbegu, kwa kuwa anajua hakuna atakayesubiri iote. Mtoto aliyelelewa hivyo hajifunzi kukumbuka kilichosemwa dakika nne zilizopita, na asiyekumbuka hawezi kusimuliwa hadithi.

Aprili 2024 kilitoka The Sign, kipindi cha dakika 28, na baadaye mwaka huohuo Brumm akatangaza kwamba anageukia filamu ya sinema. Ana haki ya kupumzika na vipindi vya televisheni. Kinachonisikitisha ni yanayoipata kazi yake huku mitandaoni, ambako inakatwakatwa vipande vya nusu dakika ili watu walie upesi. Bingo anaonyeshwa akilikaribia jua, muziki umefika kileleni, lakini kitabu cha sayari kimekatwa, na kiu, na mateke, na vitanda vyote vya usiku ule. Mtoto anaona rangi ya dhahabu, anasukuma kidole, na mzazi aliyemkabidhi simu hana habari kwamba kulikuwa na dakika sita zilizotangulia.