Juu ya King'amuzi

Msomaji, maneno mawili yaliingia katika vinywa vya Wakenya kwa wakati mmoja, nayo yakapewa kazi kabla hayajaeleweka. "Dijitali" likawa neno la sifa, na "analojia" likawa neno la dharau. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 wanasiasa waliojiona vijana walijiita watu wa dijitali, na wazee walioshindana nao wakaitwa watu wa analojia. Hata mwanafunzi wa Kitale au wa Bungoma, akimwona mwenziwe amechelewa kufahamu jambo, huweza kumwambia kuwa yu analojia. Neno likisha kuwa sifa, kitu kinachoitwa kwa neno hilo huepuka hukumu. Insha hii yakusudia kukihukumu kitu chenyewe, yaani kuhama kwa televisheni ya Kenya kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kwa maswali yale yale ambayo mnunuzi wa ng'ombe huuliza sokoni: huyu hutoa maziwa kiasi gani, na bei yake italipwa na nani?

Kwanza tuujue utendaji wake. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa miaka zaidi ya 50 watazamaji wengi waliipokea kwa mfumo wa analojia. Katika mfumo huo wimbi huiga picha; mwanga wa picha ukizidi au ukipungua, wimbi nalo hubadilika kwa kadiri hiyo. Kituo kimoja hushika nafasi ya megahezi 8 peke yake, mfano wa mtu mmoja aliyepanga nyumba ya vyumba kumi akalala katika chumba kimoja na kuvifunga vingine. Katika mfumo wa dijitali picha hugeuzwa kuwa tarakimu, tarakimu zikabanwa, na nafasi ile ile ikatosha vituo kumi na zaidi. King'amuzi ndicho chombo kinachozigeuza tarakimu hizo kuwa picha tena kwa faida ya televisheni isiyoweza kuzisoma. Wako walioamini kwamba ni lazima wanunue televisheni mpya. Haikuwa lazima, televisheni kuukuu iliyotiwa king'amuzi ilitosha kabisa.

Nafasi iliyookolewa namna hiyo ni mali. Ndiyo sababu mwaka 2006 mataifa ya Ulaya, Afrika na sehemu za Asia yalikutana Geneva na kupatana kwamba tarehe 17 Juni 2015 iwe mwisho wa mfumo wa zamani. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali tarehe 9 Desemba 2009, Rais Mwai Kibaki akiwa madarakani. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani kabla yetu, katika mji wa Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012. Kwa hiyo sina ugomvi na mabadiliko yenyewe. Nchi ambayo ingeyakataa ingebaki peke yake na mitambo isiyopata vipuri.

Lakini sasa njoo nami Kitale. Mji huu uko katika uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mlima Elgon uko upande wake wa magharibi, na vilima vya Cherangani viko mashariki. Bungoma iko kusini ya mlima huo huo. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu na mstari ulionyoka, na mlima huyazuia kama ukuta uzuiavyo mwanga wa taa. Zamani mtu aliyekaa nyuma ya kilima alipata picha ya chengachenga. Kijana mmoja alipanda juu ya paa kuizungusha antena, na mwingine akasimama mlangoni akipiga kelele, "Hapo! Rudisha kidogo! Hapo!" Picha ilikuwa mbovu, nyuso za watu zilikuwa na vivuli viwili, mpira haukuonekana vema uwanjani. Hata hivyo taarifa ya habari ilisikika, na mwenye nyumba alilala akijua mambo ya nchi yake.

Dijitali haina huruma ya namna hiyo. Tarakimu zikifika kwa kadiri inayotakiwa, picha huwa safi kama maji ya chemchemi. Zikipungua chini ya kadiri hiyo, picha hukatika vipande vipande, sauti hukwama, kisha kioo huwa cheusi. Baina ya picha safi na giza hakuna daraja pana la kusimama. Ni kweli kwamba mfumo mpya huweza kutoa picha nzuri kwa nguvu ndogo ya mawimbi, na kwamba nyumba nyingi zilizokuwa na chengachenga sasa zaona vizuri. Lakini kanuni hiyo hiyo iliyomwongezea mtu wa mjini ilimnyang'anya mtu wa bondeni picha yake mbovu isimwachie kitu. Dawa yake ni kuongeza minara, au mtu ajinunulie dishi la setilaiti. Mnara hujengwa penye watu wengi kwanza, na dishi huuzwa kwa fedha. Mimi naona hii ndiyo kasoro kubwa ya mfumo huu, nayo ndiyo iliyosemwa kidogo kuliko zote, kwa kuwa wenye kusema walikuwa mjini.

Na wenye kusema walikuwa na ugomvi wao. Leseni za kusambaza mawimbi mapya zilipewa wawili: Signet, iliyo chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya, na kampuni ya Kichina iitwayo Pan African Network Group. Wenye vituo vya NTV, KTN na Citizen walikataa kupeleka matangazo yao kwa minara ya wengine, wakaenda mahakamani. Mahakama ya Rufaa iliwapa haki mwezi wa Machi 2014. Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo tarehe 29 Septemba mwaka huo huo. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo yao ya analojia ikazimwa, nao wakakataa kuonekana katika ving'amuzi vilivyokuwapo. Vituo vilivyopendwa kuliko vyote nchini vikatoweka kwa siku 19.

Hofu ya wenye vituo haikuwa tupu. Mtu ambaye gazeti lake huchapwa na mshindani wake hawezi kulala usingizi mzuri, na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari. Lakini walikuwa na miaka mingi ya kujitayarisha, na katika siku zile 19 kila upande ulisema kwamba unamtetea mtazamaji, hali mtazamaji mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya kioo cheusi. Kwa watu wa Kitale, pamoja na wale wa Lodwar, Kapenguria na Voi, siku ya kuzima analojia ilikuwa imepangwa kuwa 30 Machi 2015. Ugomvi uliofanyika Nairobi uliwakuta kabla zamu yao haijafika.

Tuje katika malipo. Serikali iliondoa ushuru wa forodha juu ya ving'amuzi, na hilo ni jema. Lakini bei iliyobaki, shilingi elfu kadhaa, iliachiwa mnunuzi. Marekani, kabla ya kuzima mitambo yake mikubwa tarehe 12 Juni 2009, iliipa nyumba iliyoomba hati mbili za dola 40 kila moja za kununulia vyombo vya namna hii. Utasema, Marekani ni tajiri. Ni sawa. Basi tazama mali tuliyoitaja, ile nafasi iliyookolewa. Katika Kenya sehemu ya mawimbi ya megahezi 800, ambayo zamani ilitengewa televisheni, iligawiwa makampuni ya simu, na Safaricom ililipa dola milioni 25 kwa fungu lake. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia aliuza gunia ili anunue king'amuzi, kwa kununua kwake, yeye na wenzake waliwezesha nafasi ile kuhamwa, nafasi ikauzwa, naye hakupewa punguzo hata la shilingi moja kwa sababu ya mauzo hayo. Kama ningekuwa hakimu, shauri hili ndilo ningelitaka liletwe mbele yangu, kuliko shauri la nani amiliki mnara.

Juu ya wingi wa vituo nitasema machache. Faida ipo: mwenye kituo hana haja tena ya kujenga mlingoti wake mwenyewe, kwa hiyo milango imefunguliwa kwa lugha zetu, kama Inooro TV ilivyoanza kwa Kikuyu mwezi wa Oktoba 2015. Lakini vituo vingi huweza kusema jambo moja. Bonyeza kutoka kimoja hadi kingine, utakuta muziki, mahubiri, matangazo ya biashara, na mchezo wa nchi ya mbali uliotiwa sauti ya watu wengine. Wabukusu wa Bungoma hufanya tohara mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawika kwa mbili. Hapo wapiga picha huja, hukaa siku mbili, huondoka. Malori ya mahindi hupanga foleni Kitale, na kamera huja bei inapoharibika.

Ewe msomaji, ikiwa kwenu kuna televisheni, au kwa jirani, chukua daftari usiku wa leo. Andika vituo vyote vinavyofika, kisha andika mbele ya kila kimoja jina la mahali palipotajwa katika habari zake. Fanya hivyo kwa juma moja, ukatazame ni mara ngapi umeandika Kitale, na ni mara ngapi umeandika Bungoma.