Kazi Isiyopewa Alama

Uwanja wa dresaji, mchezo wa farasi na mpandaji wake, una urefu wa mita 60 na upana wa mita 20. Majaji huketi pembezoni na kutoa alama, kuanzia 0 hadi 10, kwa kila kitendo: farasi alivyoingia, alivyosimama wima, alivyokata kona, alivyochapua miguu palepale bila kusonga mbele. Kwenye karatasi zao hamna pa kuandika kwamba manyoya yanang'aa, wala kwamba hatamu haina hata chembe ya jasho la jana. Saisi, mtunza farasi, aliyeamka kabla ya jogoo hana safu yake.

Na bado hakuna mpandaji mwenye akili timamu anayethubutu kuingia hapo na farasi mwenye matope. Si kwa kuogopa aibu tu. Punje za mchanga zikibaki chini ya tandiko, zikasagwa na uzito wa mtu kwa nusu saa, hutoa kidonda. Na farasi anayeumwa mgongo hawezi kuuinua mgongo huo na kubeba uzito kwa miguu ya nyuma, jambo ambalo ndilo dresaji yenyewe. Mwenye punda pale Lamu hahitaji kuelezwa hili mara mbili.

Maarifa haya si ya jana. Xenophon wa Athens, mwanajeshi na mwandishi, alitunga kitabu cha upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, na hakuona haya kuingia katika habari za kusugua. Alitaka saisi aanze na kichwa na manyoya ya shingo, kwani ni bure kusafisha chini huku uchafu wa juu ungali unashuka. Mgongoni alishauri mkono mtupu. Kuosha miguu kila siku alikukataa, kwa kuwa maji ya mara kwa mara hudhuru kwato. Alieleza hata namna ya kusimama: ubavuni, uso ukielekea nyuma ya farasi, pale ambapo teke haliwezi kufika. Huo ni ushauri wa mtu aliyekwisha kuona mateke.

Mahali ambapo kazi hii imepewa uzito wake ni Vienna, mji mkuu wa Austria. Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi, inayohesabu umri wake tangu 1565, hutunza madume ya aina ya Lipizzaner katika Stallburg, jengo la karne ya 16 lililo ndani ya eneo la kasri la Hofburg. Kijana anayepokelewa huitwa Eleve, na akija na ndoto za kupigiwa makofi atasubiri sana. Miaka ya mwanzo ni ya kuzoa samadi, kupiga brashi, kubeba matandiko na kuyasafisha. Akipandishwa, hukalishwa juu ya farasi anayezungushwa kwa kamba ndefu, bila vikuku vya kukanyagia. Kutoka hapo hadi kuwa mpandaji kamili huweza kuchukua miaka 8 hadi 12. Wasichana walianza kupokelewa mwaka 2008 tu, uchelewaji ambao shule yenye sifa kama hiyo ingeweza kujiepusha nao. Mwaka 2015 UNESCO iliutambua ufundi wa shule hiyo kuwa urithi wa utamaduni usioshikika, na katika urithi huo koleo na brashi zimo, hata kama watalii hununua tiketi kwa ajili ya miruko.

Lipizzaner huzaliwa akiwa na rangi ya giza, kisha hugeuka mweupe polepole, kwa kawaida kati ya miaka 6 na 10. Weupe huo ndio mtihani. Dume hulala usiku, akaamka na doa la kinyesi pajani, kijani inayoelekea manjano, ambalo kwa farasi wa kahawia lisingeonekana kabisa. Waliobuni mavazi ya maonyesho nao hawakumhurumia mtu: tandiko ni la ngozi nyeupe, na suruali ya mpandaji ni nyeupe vilevile.

Usafi wenyewe huanzia chini, Xenophon atuwie radhi. Saisi huinua mguu, akachokoa ukwato kwa ndoano ndogo ya chuma, kutoka kisigino kwenda mbele, akipita taratibu kando ya ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati. Kisha hunusa. Harufu ya kuoza na ute mweusi humwambia kwamba vijidudu vimepata makao kwenye unyevu. Halafu huteremsha kiganja juu ya kano, mguu huu kisha mguu ule, akilinganisha joto. Mguu uliopata joto kuliko mwenzake leo huenda ukachechemea kesho, na jaji aliye umbali wa mita 20 hawezi kulijua hilo.

Ndipo huja chanuo la mpira lenye meno, likizungushwa juu ya misuli minene kutoa vumbi na manyoya yaliyokufa. Baada yake brashi ngumu. Baada yake brashi laini, inayovutwa kwa mivuto mirefu kufuata ulalo wa manyoya, na kila mara ikikwanguliwa kwenye chanuo la chuma lililo katika mkono wa pili. Mng'ao hutokana na mafuta ya ngozi ya farasi mwenyewe, yakisambazwa hadi kwenye ncha za manyoya. Dawa za kupuliza zipo, na kwa mkia zinafaa. Lakini zikipulizwa mgongoni hulifanya tandiko liteleze, tena chupa haina vidole vya kugundua uvimbe.

Farasi naye anafaidi. Mwaka 1993 Claudia Feh na Jeanne de Mazières walichapisha utafiti wao juu ya farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Walipowakuna kwa mkono pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi hupendelea kukunana wenyewe kwa wenyewe, mapigo ya moyo yalishuka. Walipowakuna mahali pengine, hayakushuka.

Farasi akisharudi bandani huanza zamu ya ngozi. Hatamu ya ngazi za juu ina vyuma viwili vya lijamu mdomoni na vigwe vinne, na yote hufunguliwa vipande vipande. Vyuma husuuzwa kwa maji matupu kabla mate hayajakauka. Nani atake kutafuna sabuni kesho yake? Ngozi hufutwa jasho kwa kitambaa chenye unyevu, maana chumvi ikiachwa huikausha mpaka ipasuke. Kisha hupakwa sabuni ya gliserini kwa sponji iliyokamuliwa hasa. Povu likitoka, maji yamezidi. Mafuta yakizidi, ngozi hulegea na uzi wa mshono huoza. Kila mshono hupitishwa chini ya kidole gumba. Mikanda ya vikuku hubadilishwa pande, kwa sababu wapandaji wengi hupandia kushoto na mkanda wa upande huo hurefuka.

Wachache sana katika kazi hii wanajulikana kwa majina. Mmoja ni Alan Davies wa Uingereza, aliyemtunza Valegro, farasi aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki London 2012 na Rio 2016, na aliyepata asilimia 94.30 katika ukumbi wa Olympia, London, Desemba 2014, rekodi ya dunia ya onyesho la dresaji kwa muziki. Mikononi mwa watu kama yeye, manyoya ya shingo ya farasi wa mashindano husukwa mafungu madogo, yakakunjwa na kushonwa kwa sindano na uzi yawe vifundo vilivyolingana. Vikikazwa mno, farasi hukosa raha kila anapoinamisha shingo, na hakuna jaji atakayejua kosa limeanzia wapi.

Zamani unadhifu ulidai pia kunyoa sharubu za pua, mdomo uonekane laini. Lakini farasi haoni kilicho chini kabisa ya pua yake. Sharubu hizo ndizo humwelekeza kwenye chakula na kumkinga na ukuta gizani. Tangu tarehe 1 Julai 2021 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, halimruhusu kushindana farasi aliyenyolewa sharubu, isipokuwa pale daktari wa mifugo alipoziondoa kumpunguzia maumivu. Sasa povu na mabaki ya majani hunasa humo, na saisi huyatoa kwa sponji, unywele kwa unywele.